Riba Zimeshuka: Pa Kuweka Akiba kwa Mkazi wa Mombasa, Hatua kwa Hatua

Swali ni lilelile kila wiki, wahusika tu ndio hubadilika: "Nina laki mbili zimelala benki, hazizai chochote. Nizipeleke wapi?" Mwaka 2024 jibu lilikuwa jepesi. Februari mwaka huo Benki Kuu ya Kenya, CBK, ilipandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13, hati za Hazina (mkopo mfupi unaoipa serikali) za siku 364 zikapita asilimia 16, na hati fungani (mkopo wa miaka mingi kwa serikali) ya miundombinu ya miaka minane na nusu ikatoka na asilimia 18.46 bila kodi. Popote ulipotia pesa, palilipa. Kuanzia Agosti 2024 CBK ikaanza kupunguza, na kufikia Agosti 2025 kiwango kilikuwa 9.5. Hati za siku 91 ziliporomoka hadi karibu asilimia 8.

Riba ikiwa juu, hata ukikosea bado unapata kitu. Ikiwa chini, makosa madogo ndiyo yanayokula faida yote: kodi, ada ya kila mwezi, pesa kufungwa wakati karo inadaiwa, jina kuandikwa vibaya kwenye fomu. Kwa hiyo mwongozo huu haukutajii "pahali bora pa kuweka pesa". Unakuonyesha namna ya kuzigawa, kuhesabu kinachofika mkononi, na kufungua kila mlango bila kukwama. Viwango vilivyotumika kwenye mifano ni vya kufanyia hesabu tu. Cha leo kiulize leo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha taifa, na picha yake ya pande zote mbili kwenye simu, inayosomeka bila kukunja macho.
- Cheti cha pini ya KRA, kilichopakuliwa kutoka iTax.
- Akaunti ya benki iliyo kwa jina lako mwenyewe. Ya mume, ya dada, au ya duka haifai.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, na barua pepe ambayo nenosiri lake unalikumbuka.
- Jina, nambari ya kitambulisho na simu ya mtu utakayemwandika kuwa mrithi.
- Taarifa ya akaunti ya miezi mitatu iliyopita. Utaihitaji kwenye hatua ya pili, si kwa ajili ya benki bali kwa ajili yako.

Kuhusu majina, simama hapa kidogo, maana ndipo watu wa Pwani wengi hukwama. Mtu ni Mohamed kwenye kitambulisho, Mohammed benki, na Muhammad kwenye pini ya KRA. Ali amekuwa Ally. Jina la babu lipo huku, kule halipo. Kwa macho yako ni mtu mmoja, kwa mashine ni watu watatu, na ombi litarudishwa. Weka hati zote tatu mezani ulinganishe herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti, rekebisha benki na KRA zifuate kitambulisho, ndipo uendelee.

Hatua ya 1: Maliza mkopo wa simu kwanza

Mkopo wa simu wa shilingi 20,000 unaotoza asilimia 7.5 kwa siku 30 unakugharimu 1,500 kwa mwezi mmoja. Shilingi hizo 20,000 ukiziweka mahali panapokupa asilimia 8.5 baada ya kodi, utapata 1,700 kwa mwaka mzima. Yaani mwezi mmoja wa deni unakula karibu mwaka wa akiba. Hakuna mfuko, sacco wala hati utakayonunua wewe na mimi itakayoshinda hesabu hiyo. Lipa kwanza, na baada ya kulipa usikope tena "kidogo tu" huku akiba ikiwa imekaa pembeni.

Hatua ya 2: Gawa pesa kwa tarehe ya kutumika

Chukua ile taarifa ya miezi mitatu. Jumlisha kodi ya nyumba, chakula, nauli, stima, maji na unayotuma nyumbani. Gawanya kwa tatu. Hayo ndiyo matumizi yako halisi ya mwezi, na mara nyingi huwa makubwa kuliko yale uliyokuwa ukiyataja.

Fungu la kwanza ni la dharura: matumizi ya miezi mitatu. Ukifanya kazi ya hoteli, ya kutembeza wageni au ya baharini, weka miezi sita. Kati ya Aprili na Juni wageni hupungua na wengine hupumzishwa bila mshahara. Mvuvi naye anajua kusi ikivuma, ngalawa hukaa ufuoni.

Fungu la pili ni la mambo yenye tarehe: karo ya Januari, kodi ya duka ya mwaka, harusi ya mwezi fulani. Andika kiasi na tarehe.

Fungu la tatu ni la pesa usiyoihitaji kwa miaka miwili au zaidi. Ikiwa fungu hili ni sufuri, hakuna ubaya. Ruka hatua ya 9 hapa chini.

Hatua ya 3: Hesabu kinachofika mkononi

Asilimia iliyoandikwa kwenye bango si yako yote. Riba ya benki, ya hati za Hazina na ya mifuko ya soko la fedha hukatwa kodi ya asilimia 15 kabla haijakufikia. Zidisha kiwango kwa 0.85, kisha toa ada. Kwa laki moja kwa mwaka:

- Akaunti ya akiba ya asilimia 3: 3,000, kodi 450, inabaki 2,550. Ikiwa benki inakata ada ya shilingi 50 kila mwezi, inabaki 1,950.
- Amana ya muda maalumu ya asilimia 8: inabaki 6,800.
- Mfuko wa soko la fedha wa asilimia 10: inabaki 8,500.

Linganisha na bei za vitu. Bei zikipanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, kilichonunuliwa kwa laki moja kitahitaji 104,000. Yule wa akaunti ya akiba ameongeza 1,950 na bado amerudi nyuma. CBK yenyewe hulenga mfumuko wa bei kati ya asilimia 2.5 na 7.5, kwa hivyo usitarajie sufuri.

Jingine: kiwango hutajwa kwa mwaka hata pale pesa inapokaa miezi mitatu. Laki moja kwa asilimia 8 kwa siku 90 haikupi 8,000. Ni 100,000 × 0.08 × 90 ÷ 365, yaani 1,973, ukitoa kodi 1,677. Watu wamegombana na makarani wa benki kwa jambo hili, na karani alikuwa sahihi.

Hatua ya 4: Fungu la dharura liende mfuko wa soko la fedha

Huu ndio watu huuita MMF. Kampuni hukusanya pesa za wengi, ikanunua hati za Hazina na kuweka amana kubwa benki, na faida ikagawiwa kila siku. Baadhi hupokea kuanzia shilingi 100, nyingine 1,000 au 5,000.

a) Fungua tovuti ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, utafute jina la kampuni kwenye orodha ya waliopewa leseni. Lisome jina lote. Matapeli hupenda jina linalofanana na la kampuni halali isipokuwa neno moja.

b) Soma karatasi ya maelezo ya mfuko. Tafuta mambo matatu: ada ya usimamizi, ambayo kwa kawaida huwa karibu asilimia 2 kwa mwaka, kama kiwango kinachotangazwa kimeshatoa ada hiyo, na siku za kungoja unapotoa pesa.

c) Jisajili, weka mrithi, na uandike akaunti yako ya benki ya kupokelea.

d) Tuma kiasi kidogo kwanza, tuseme 1,000, kwa nambari ya paybill ya mfuko. Sehemu ya nambari ya akaunti, andika nambari yako ya uanachama na si jina lako. Pesa isiyo na nambari sahihi hukaa kwenye kapu la malipo yasiyojulikana, na muda wote huo haizai.

e) Subiri ionekane kwenye taarifa yako, kisha itoe. Ndiyo, itoe. Andika siku uliyoomba na siku iliyofika. Mfuko ulioahidi siku moja ukachukua nne utakuambia ukweli wake kwa shilingi 1,000, si siku mgonjwa yuko hospitali.

Maombi ya Ijumaa jioni huanza kushughulikiwa Jumatatu. Kwa sababu hiyo acha matumizi ya wiki moja au mbili kwenye simu au benki ya kawaida. Usipeleke fungu lote.

Mfuko si benki. Bima ya amana ya KDIC, ambayo tangu Julai 2020 hulinda hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki, haiugusi. Kinacholinda ni kwamba pesa huwekwa kwa mtunzaji aliye mbali na kampuni inayosimamia, chini ya mdhamini. Ukitaka kulala usingizi zaidi, gawa kwenye mifuko miwili. Mitano ni kujichosha.

Hatua ya 5: Fungu lenye tarehe liende hati za Hazina

Hapa unaikopesha serikali kwa siku 91, 182 au 364. Kima cha chini ni shilingi 50,000, na unaongeza kwa hamsini hamsini. Zamani ilikuwa laki moja na safari ya kupanga foleni na fomu za karatasi. Tangu 2023 kila kitu kinafanyika kwenye mfumo wa DhowCSD, kwa tovuti au programu ya simu. Mwenye kukwama na usajili anaweza kufika tawi la CBK lililo Nkrumah Road akiwa na hati zake asilia.

1. Jisajili DhowCSD kwa kitambulisho, pini ya KRA, picha na akaunti ya benki. Fanya hivi wiki mbili au zaidi kabla ya mnada unaoulenga, maana uhakiki una siku zake.
2. Chagua muda. Siku 91 ni wiki 13 kamili, 182 ni wiki 26, 364 ni wiki 52. Malipo hufanywa Jumatatu, kwa hiyo pesa nayo hurudi Jumatatu. Ukilipa Jumatatu ya kwanza ya Oktoba kwa siku 91, itakurudia mwanzoni mwa Januari, karo ikidaiwa. Hesabu ukirudi nyuma kutoka tarehe ya bili, kisha ongeza wiki moja ya usalama.
3. Weka ombi kabla ya mnada wa Alhamisi. Saa ya mwisho imeandikwa kwenye tangazo. Usiingoje, kwani mfumo huelemewa dakika za mwisho.
4. Utaulizwa kama unataka kutaja kiwango chako au kukubali wastani wa mnada. Chagua wastani. Anayetaja kiwango juu kupita soko hukataliwa, na pesa yake imekaa bure wiki nzima.
5. Matokeo yakitoka, ingia kwenye akaunti yako, sehemu ya miamala, uchukue vitu viwili: kiasi kamili cha kulipa na nambari ya malipo.
6. Lipa kupitia benki yako ili pesa iwe imefika CBK Jumatatu kabla ya saa nane mchana. Andika nambari ya malipo mahali pa maelezo, bila nafasi wala nukta ya ziada. Nenda benki Jumatatu asubuhi na mapema, au weka maagizo mapema kwa simu ikiwa benki yako inaruhusu.

Hati hununuliwa kwa bei pungufu. Tuseme wastani wa siku 364 ni asilimia 9 na unataka hati ya laki moja. Bei ni 100,000 ÷ (1 + 0.09 × 364 ÷ 365), yaani karibu 91,760. Tofauti ni 8,240 hivi, kodi ni kama 1,240, faida yako ni takriban 7,000. Kwa hiyo usiende na laki kamili ukidhani yote itachukuliwa. Zitabaki elfu kadhaa. Zirudishe kwenye mfuko siku hiyohiyo, zisipotelee Marikiti.

Onyo kuhusu kuvunja mapema: CBK huweza kununua hati yako kabla ya siku zake, lakini kwa kiwango cha asilimia 3 juu ya cha soko. Maana yake ni kwamba faida yako hukatwa vibaya. Pesa ambayo huna uhakika nayo isiingie huku.

Na onyo kuhusu kuahidi kisha usilipe: ukishinda mnada ukakosa kulipa, CBK inaweza kukufungia usishiriki tena.

Hatua ya 6: Ukitaka kufiksi benki, bishana bei

Kiwango cha amana ya muda maalumu hakijachongwa kwenye jiwe. Mwenye kukubali cha kwanza hupewa cha chini. Uliza benki tatu. Kati ya Moi Avenue, Digo Road na Nkrumah Road unazimaliza asubuhi moja kwa miguu. Kila benki, uliza maneno haya: "Kwa kiasi hiki na miezi hii mnanipa ngapi? Nikivunja kabla ya muda ninapoteza nini? Ikikomaa inakwenda wapi?" Beba jibu la benki ya kwanza uende nalo ya pili.

Swali la tatu ndilo lenye siri. Mara nyingi amana ikikomaa hujifunga yenyewe tena kwa kiwango cha siku hiyo, ambacho wakati riba zinashuka huwa kibaya zaidi. Andika maagizo kwamba ikikomaa iende akaunti ya kawaida, na udai nakala yenye muhuri.

Ukiwa na zaidi ya 500,000, kumbuka kinga ya KDIC inajumlisha akaunti zako zote katika benki moja. Akaunti tatu benki moja hazikupi kinga tatu. Benki mbili hukupa mbili.

Hatua ya 7: Sacco, lakini ujue unaingia kwenye nini

Sacco nzuri huweza kulipa zaidi ya benki hata riba zikiwa chini, kwa sababu mapato yake ni riba ya mikopo ya wanachama. Lakini pesa ndani ya sacco ziko aina mbili na watu huzichanganya.

Hisa ni umiliki. Huzitoi; ukitaka kuondoka unamuuzia mwanachama mwingine. Gawio lake hukatwa kodi ya asilimia 5. Amana ndiyo inayokupa haki ya kukopa, mara nyingi hadi mara tatu yake, na huipati mpaka ujitoe uanachama, kwa kawaida kwa notisi ya siku 60. Karani akikuambia "tulilipa asilimia 14 mwaka jana", muulize: ya hisa au ya amana? Mara nyingi 14 ilikuwa ya hisa zako za elfu ishirini, na amana ya laki tatu ikapata ndogo zaidi.

Sacco nyingi huhesabu riba ya amana kwa mwezi. Shilingi iliyoingia Januari inahesabiwa mwaka mzima. Ya Desemba mwezi mmoja au sufuri. Kumimina laki Novemba ukingoja mavuno ya mkutano mkuu ni kujidanganya.

Hakikisha sacco ina leseni ya SASRA, mamlaka inayosimamia sacco. Orodha huchapishwa kila mwaka. Kinga ya KDIC haihusu sacco, kwa hivyo leseni ndiyo kichujio chako cha kwanza. Cha pili ni hesabu zilizokaguliwa: zikiwa zimechelewa, au viongozi wanakopa kuliko wanachama, pita njia yako.

Na kuhusu udhamini: ukitia sahihi kumdhamini mwenzako kazini, amana yako imefungwa kiasi hicho hadi amalize kulipa. Wengi hugundua hili siku ya kujitoa. Dhamini kiasi unachoweza kukisahau.

Hatua ya 8: Kwa anayejiepusha na riba

Mombasa hili si jambo la pembeni. Hati za Hazina na amana za riba hazikufai, lakini si lazima pesa ilale chini ya godoro. Benki za Kiislamu zipo nchini tangu 2008. Omba akaunti ya mudharaba, yaani ya kugawana faida na benki, si ya kawaida ya kutunzia pesa ambayo haigawi faida. Uliza mambo mawili: uwiano wa kugawana faida, kwa mfano 40 kwako na 60 kwa benki, na faida iliyotangazwa kwa miezi 12 iliyopita. Uwiano mzuri juu ya faida ndogo bado ni faida ndogo. Mifuko ya soko inayosimamiwa na bodi ya sharia nayo ipo. Utaratibu wa hatua ya 4 unafanya kazi vilevile, jaribio la kutoa pesa likiwemo.

Katika hesabu yako weka zakati. Asilimia 2.5 ya akiba iliyofikia nisabu na kutimiza mwaka wa Hijria ni nyingi ikiwa akiba yenyewe inazaa 2.

Hatua ya 9: Fungu la mbali, panda ngazi

Hakuna ajuaye riba zitashuka tena au zitapanda. Badala ya kubahatisha, gawa fungu la tatu mara nne. Kila baada ya miezi mitatu nunua hati ya siku 364 kwa robo moja. Baada ya mwaka, robo moja inakomaa kila miezi mitatu: riba zikipanda unanunua ya bei mpya, zikishuka ni robo tu inayoumia. Kwa laki mbili, ni hamsini nne. Inatosha.

Hati fungani za miaka mingi hulipa riba kila miezi sita. Za kawaida zilizo chini ya miaka 10 hukatwa kodi ya asilimia 15, za miaka 10 na zaidi asilimia 10. Kodi ya kila toleo imeandikwa kwenye tangazo lake. Lisome kila mara. Ukifunga kiwango leo na riba zikapanda kesho, hati yako itauzika kwa bei ya chini. Ukiishikilia hadi mwisho haikuhusu.

Jihadhari na anayekuuzia ile hati ya 18.46 ya 2024 kwenye soko la mitumba, yaani kutoka kwa mwekezaji mwingine na si kwa serikali. Asilimia hiyo ni ya thamani ya asili. Kwa vile kila mtu anaitaka, inauzwa zaidi ya shilingi 100 kwa kila 100 ya thamani hiyo, na mapato yako halisi yanashuka hadi yalingane na ya leo. Muulize dalali swali moja: "Nikiishikilia mpaka mwisho napata asilimia ngapi?" Akikwepa, muage.

Njia tatu zinazovutia kuliko zinavyolipa

Dola. Mapema 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na watu wakakimbilia kununua. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu 129. Aliyenunua kileleni alipoteza karibu moja ya tano. Weka dola ikiwa unalipia vitu kwa dola, au mshahara wako wa melini huja kwa dola.

Dhahabu ya kuvaa. Unaponunua bangili unalipia dhahabu na kazi ya sonara. Unapouza, unalipwa dhahabu peke yake. Kama pambo, sawa. Kama akiba, umeanza safari ukiwa nyuma.

Kikundi cha WhatsApp kinacholipa asilimia 10 kwa wiki. Mwaka 2006 na 2007 Wakenya wengi walipoteza akiba kwenye piramidi za namna hii, na hila haijabadilika: wa mwanzo hulipwa kwa pesa za wa mwisho. Malipo ya kwanza yanayokuja kwa wakati si ushahidi wa uhalali. Ndiyo chambo yenyewe.

Mambo yakikwama

*DhowCSD imekataa usajili.* Mara nyingi ni jina kutolingana au akaunti ya benki ya watu wawili. Rudi kwenye ukaguzi wa majina, kisha uombe upya. Kama yote yanalingana, nenda Nkrumah Road na hati asilia.

*Nimelipa lakini ombi linaonyesha halijalipwa.* Angalia nambari ya malipo kwenye risiti ya benki. Kama ilikosewa, omba benki uthibitisho wa uhamisho na uwasiliane na CBK siku hiyohiyo, si Jumatano.

*Jumatatu ya kukomaa ni sikukuu.* Pesa huja siku ya kazi inayofuata. Ndiyo sababu ya ile wiki ya usalama.

*Nimetuma paybill kwa nambari ya akaunti isiyo sahihi.* Usiibatilishe kupitia simu ukadhani itarudi mara moja. Tuma ujumbe wa M-Pesa pamoja na nambari sahihi kwa huduma ya wateja ya mfuko, uombe ihamishiwe kwako, na uulize kama faida itahesabiwa tangu siku ya kutuma.

*Kiasi ni kikubwa na simu inakataa.* M-Pesa ina kikomo cha 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Zaidi ya hapo tumia benki. Ada moja ya uhamisho ni nafuu kuliko kutuma vipande vitano.

*Mfuko ulikuwa unatoa 10, sasa 8.* Kwanza tazama hati za siku 91. Kama nazo zimeshuka kwa kiasi hichohicho, hakuna ulichoibiwa. Hama ikiwa tu mifuko mingine inayofanana inatoa zaidi kwa miezi mitatu mfululizo. Kama mfuko wako ndio pekee ulioshuka, au ndio pekee uliobaki juu wakati wote wakishuka, uliza wamewekeza kwenye nini. La pili ndilo linalostahili kukutia wasiwasi zaidi.

*Nimejitoa sacco, siku 60 zimepita, kimya.* Peleka barua ofisini, udai nakala iliyogongwa muhuri na tarehe. Uliza kama kuna uliyemdhamini ambaye hajamaliza kulipa. Kama hakuna na bado wanazungusha, andikia SASRA ukiambatisha barua ya kujitoa, taarifa ya amana na ile nakala yenye muhuri.